Kiti Mmepewa, Ruhusa ya Kodi Hamjapewa

Ndugu wanachama, na ninyi wafanya kazi wenzetu ambao bado hamjaingia chamani,

Liko neno moja ambalo wakubwa wa kaunti wamelifanya ngao yao. Ushuru wa soko ukipandishwa na mtu akiuliza sababu, hujibiwa: "Sisi tulichaguliwa na raia." Ada ya kuegesha gari ikiongezwa, jibu ni hilo hilo. Leseni ya kibanda cha kukaangia viazi ikipanda, bado jibu ni hilo. Ati raia walikwisha kusema siku ya kura, basi sasa wanyamaze mpaka miaka mitano ipite. Neno hili tumelisikia mpaka limetuchosha masikio, na leo twataka kulitia katika mizani tuone uzito wake.

Tutaanza na hesabu, maana hesabu haina kabila wala chama cha siasa.

Mwaka wa 2022, uchaguzi wa gavana wa Mombasa haukufanywa tarehe 9 Agosti pamoja na uchaguzi mwingine, kwa sababu karatasi za kura zilikuwa na makosa. Ulifanywa tarehe 29 Agosti, siku moja na ule wa Kakamega. Watu walioandikwa katika daftari la kura la Mombasa walikuwa 641,913. Aliyeshinda alipata kura 119,083, na aliyemfuata alipata 98,108. Chukueni kalamu mgawanye wenyewe. Katika kila watu 100 walioandikishwa, waliompa kura mshindi hawakufika 19. Tena wakazi wa Mombasa kwa hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 walikuwa 1,208,333. Basi katika kila wakazi kumi, wakubwa kwa wadogo, aliyetia alama kwa mshindi ni mmoja.

Mtu aweza kusema kwamba Mombasa iliharibiwa na ile kuahirishwa, watu walikwisha kuchoka na wengine wamerudi kazini. Neno hilo ni la haki na twalikubali. Basi tupande gari twende Nairobi, ambako uchaguzi ulifanywa kwa siku yake. Walioandikishwa huko walikuwa 2,415,310. Aliyeshinda ugavana alipata kura 699,392. Katika kila 100, ni 29.

Na nchi nzima je? Mwaka huo huo wa 2022 walioandikishwa walikuwa 22,120,458. Aliyeshinda urais alipata kura 7,176,141, na wa pili alipata 6,942,930. Lakini wale walioandikishwa kisha wasiende kupiga kura walikuwa zaidi ya milioni 7 na nusu. Kama kukaa nyumbani kungekuwa ni mgombea, ndiye angekuwa wa kwanza katika orodha, juu ya wote wawili.

Tena tazameni namna idadi ya wapiga kura inavyoshuka. Mwaka wa 2013, uchaguzi wa kwanza wa kaunti zetu 47, walijitokeza kama watu 86 katika kila 100 walioandikishwa. Mwezi wa Agosti 2017 walikuwa kama 79. Mwaka wa 2022 walikuwa kama 65. Gari likipunguza mwendo hivi kila stesheni, fundi haambiwi aende akalale. Huitwa aje aangalie injini.

Sasa tusikilizane vizuri, maana wako watu watakaoipeleka karatasi hii kwa wakubwa na kusema kwamba chama chetu chachochea watu wasiitambue serikali. Hatusemi hivyo. Katiba ya mwaka wa 2010 yasema kwamba gavana ni yule aliyepata kura nyingi kuwapita wengine, wala haikuweka idadi ya chini ya watu watakaojitokeza. Aliyeshinda kwa watu 19 katika 100 ameshinda, na kiti ni chake kwa haki. Sisi tunaoishi kwa kanuni za kazi twajua maana ya kanuni. Kiti amepewa, akikalie.

Lakini kiti ni kitu kimoja, na ruhusa ya kila kodi ni kitu kingine. Abiria akikata tikiti ya Mombasa hadi Voi, tikiti hiyo ni halali kabisa, ina tarehe na ina nambari. Lakini haimfikishi Nairobi. Akikutwa Makindu na tikiti ya Voi, ataambiwa ashuke au alipe. Hawezi kumwambia mkagua tikiti, "Mimi nilikata tikiti Mombasa, basi naenda nitakako." Kura yetu ni tikiti ya namna hiyo. Imemfikisha mtu katika kiti. Haikumfikisha katika kikapu cha mama muuza mboga wala katika mfuko wa kibarua.

Wala hili si neno letu la barazani. Ni sheria. Katiba, kifungu cha 210, yasema kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, wala kusamehewa, wala kubadilishwa, ila kwa sheria. Kifungu cha 201 chasema kwamba mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na raia washirikishwe. Kifungu cha 196 chalitaka Bunge la Kaunti lifanye kazi zake hadharani na kuwashirikisha raia. Waliotunga haya walijua wazi kwamba uchaguzi hufanywa kila baada ya miaka mitano. Kama siku ya kura ingetosha kwa kila kodi, wangeyaandika haya ya nini? Waliyaandika kwa kuwa kura haitoshi.

Na yuko aliyejaribu akaona. Kaunti ya Kiambu ilitunga Sheria yake ya Fedha ya mwaka wa 2013. Raia wakaenda mahakamani, na mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ikaibatilisha sheria hiyo, kwa sababu raia hawakushirikishwa ipasavyo. Gavana alikuwa amechaguliwa, na wajumbe wa Bunge la Kaunti walikuwa wamechaguliwa. Mahakama haikusema kwamba hawakuchaguliwa. Ilisema kwamba kuchaguliwa hakukutosha. Nani tena atatuambia tunyamaze?

Sasa tuje kwa nani alipaye, maana hapa ndipo penye uchungu.

Mfanya kazi wa mshahara hukatwa kwanza na serikali kuu. Karatasi ya mshahara yajulikana: kodi ya mapato, akiba ya uzeeni, na tangu sheria ya mwezi wa Machi 2024, asilimia 1.5 ya mshahara wote kwa nyumba, na tangu Oktoba 2024, asilimia 2.75 kwa bima ya afya. Hayo ni ya serikali kuu, na hukatwa kabla mtu hajaiona pesa yake. Katiba imeziachia kaunti kodi ya ardhi na majumba, kodi ya michezo na starehe, na ada za huduma wazitoazo. Mtu aweza kudhani basi kwamba kaunti yamtoza mwenye majumba na mwenye kumbi za starehe. Lakini nendeni sokoni alfajiri muone ni nani asimamishwaye.

Tumchukue mke wa mwenzetu wa gengi, auzaye mboga. Tuseme hutozwa shilingi 30 kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi ni shilingi 780. Kwa mwaka ni shilingi 9,360. Mtozaji hupita kila siku, jua na mvua, hakosi, wala mama huyu hana wakili, na asipolipa mboga zake huchukuliwa. Sasa mtazameni mwenye jumba la ghorofa. Kodi yake hukadiriwa kwa daftari la thamani ya viwanja. Nairobi ilikaa karibu miaka 40 ikitumia daftari la mwanzo wa miaka ya 1980. Kiwanja kilichokuwa kichaka wakati ule kimeota ghorofa kumi, na daftari bado laona kichaka! Kikapu cha mboga chahesabiwa kila asubuhi, na jumba lahesabiwa mara moja katika maisha ya mtu. Je, hili nalo raia waliliridhia siku ya kura? Ni mgombea gani aliyesimama jukwaani akasema, "Nichagueni niwaandame akina mama wa soko na kuwaacha wenye majumba"?

Hatusemi kodi isilipwe. Wako vijana wasemao hivyo, na twawaambia kwamba hilo ni kosa. Zahanati haijengwi kwa nyimbo, na mtaro hauzibuliwi kwa hotuba. Mfanya kazi ndiye wa kwanza kuumia kodi isipokusanywa, maana tajiri ana daktari wake na kisima chake. Twasema kodi ilipwe na kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, na wanaolipa waulizwe kwanza, kisha waonyeshwe kazi iliyofanywa.

Sababu za wakubwa kutoona haja ya kutuuliza twazijua. Fedha nyingi za kaunti hazitoki kwetu moja kwa moja, zatoka Nairobi. Katiba yasema kaunti zipate fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya serikali kuu yaliyokaguliwa. Katika mwaka wa fedha wa 2024/25 fungu hilo lilikuwa shilingi bilioni 387.4 kwa kaunti zote 47, baada ya kupunguzwa kutoka bilioni 400 kwa kuwa Mswada wa Fedha wa mwaka wa 2024 ulikataliwa na raia mabarabarani na kurudishwa na Rais. Zile ambazo kaunti zenyewe zilikusanya katika mwaka wa 2023/24 hazikufika bilioni 60. Basi mkubwa wa kaunti hutazama upande wa Nairobi, ambako gunia hutoka, na kwetu sisi hutazama kama mtu atafutaye sarafu zilizoanguka chini ya kiti. Na raia naye husema, "Hizi ni fedha za serikali," kana kwamba serikali ina shamba lake ilimako pesa. Ndugu, bilioni zile zilikatwa katika mishahara yetu na katika sukari yetu, zikaenda Nairobi, zikarudi. Zikienda ni zetu, zikirudi ni zetu.

Mpaka hapa tumewasema wakubwa. Sasa hatuna budi kusema na wenzetu, na hapa hatutawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wako wafanya kazi wengi Mombasa, Nairobi, Nakuru na Kisumu ambao wanaishi mjini miaka ishirini, wanalipa kodi ya nyumba mjini, watoto wao wanatibiwa mjini, wake zao wanatozwa ushuru mjini, lakini katika daftari la kura wameandikwa nyumbani kwao bara. Siku ya kura wengine husafiri, na wengi hukosa nauli au zamu huwabana, wakabaki. Basi wamelipa huku bila kuchagua huku, na huko walikoandikwa hawakuchagua pia. Mkubwa wa mji anaijua hesabu hii vizuri kuliko sisi. Anajua kwamba mtaa fulani umejaa walipaji lakini hauna wapiga kura. Mwataka aogope nini?

Hatumkatazi mtu kupenda kwao. Kaburi la baba li kule, na shamba li kule, na mwenye kuona haki yake iko kule aandikishwe kule na aende kweli. Lakini yatupasa kujiuliza: maji yanayokatika ni ya wapi? Ushuru unaotuuma unatungwa katika Bunge la Kaunti gani? Asiyekuwepo na lake halipo. Methali hii hawakuitunga wanasiasa, lakini wao ndio wanaoila kila baada ya miaka mitano.

Wako na wengine wasemao, "Tusipige kura, ndipo watajua kwamba tumekasirika." Haya, tuone walivyojua. Tarehe 26 Oktoba 2017 uchaguzi wa urais ulirudiwa baada ya Mahakama ya Juu kuufuta ule wa Agosti. Upande mmoja ukasusa. Waliojitokeza walikuwa kama 39 katika kila 100. Mshindi alipata kura 98 katika kila 100 zilizopigwa, lakini ukiwahesabu walioandikishwa wote, waliompa kura walikuwa kama 38 tu katika kila 100. Mahakama ya Juu ikaukubali uchaguzi ule, na tarehe 28 Novemba akaapishwa. Je, mwezi wa Disemba waliosusa hawakukatwa kodi? Walikatwa sawasawa na waliopiga kura, shilingi kwa shilingi. Mtoza kodi haulizi kama ulisusa. Mgomo wetu wa kazini huuma kwa sababu kazi husimama. Mgomo wa kura hausimamishi kitu, bali humrahisishia mwenye njaa ya kiti, maana akihitaji watu wachache atanunua wachache, na wachache ni rahisi kuwanunua kuliko wengi.

Wengine husema, "Wote ni wezi, tuchague wa nini?" Neno hili lina uchungu wa kweli ndani yake, nasi hatulicheki. Lakini tukumbuke ya Kiambu na Nairobi. Mwezi wa Januari 2020 gavana wa Kiambu aliondolewa, na mwezi wa Disemba mwaka huo huo gavana wa Nairobi akaondolewa. Ni nani walioanza kazi hiyo? Ni wajumbe wa wadi katika Bunge la Kaunti, kisha Seneti ikaimaliza. Wajumbe hao ni wale tunaowachagua katika karatasi ile ndogo ambayo wengi huitia alama bila kusoma jina. Mjumbe wa wadi ndiye anayepitisha ushuru wa soko, na ndiye awezaye kumshika gavana mkono. Kura ya wadi ni ya watu wachache, na gengi moja la wafanya kazi lenye umoja, pamoja na wake zao na majirani zao, laweza kuigeuza. Kumdharau mjumbe huyu siku ya kura, kisha kumlilia siku ya ushuru, ni kazi bure.

Tukumbuke pia kura hii ilitoka wapi. Wazee wetu walitozwa kodi ya kibanda tangu miaka ya mwanzo ya 1900, kisha kodi ya kichwa, nao hawakuwa na kiti hata kimoja barazani. Kodi ilipandishwa hadi shilingi 16 wakati mishahara ikipunguzwa, na Harry Thuku alipokataa akakamatwa. Tarehe 16 Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kumdai walipigwa risasi, wakafa zaidi ya 20, na mama Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Ni mwaka wa 1944 tu Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, alipoingia katika Baraza la Kutunga Sheria, naye aliteuliwa, hakuchaguliwa na raia. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandari na wa reli na wengineo, waliweka chini kazi, wakawa wakikutana uwanja wa Kiembeni, kwa kuwa hawakuwa na karatasi ya kura ya kusemea. Na mwaka wa 1957, Waafrika walipochagua kwa mara ya kwanza, haikuwa kila mtu. Mwenye elimu na mali na cheo aliweza kupewa kura hata tatu, na kibarua asipewe hata moja. Leo kibarua na mwenye majumba wana kura moja moja sawasawa. Hicho ndicho kitu pekee katika nchi hii ambacho tajiri hana kingi kuliko sisi, nasi twakiacha kabatini!

Liko na jambo la mwisho, na kwa maoni yetu ni kubwa kuliko yote. Serikali za mikoani zaweza kuondolewa. Si hadithi, ilikwisha kutokea. Mwaka wa 1963 nchi ilipata katiba ya majimbo, yenye mabaraza na madaraka yao. Serikali kuu haikuyapenda, ikayanyima nguvu, na ilipoingia Jamhuri tarehe 12 Disemba 1964 majimbo yakawa yamekwisha. Yakabaki mabaraza ya kaunti, yakitoza kodi yao ya kichwa. Nayo mwaka wa 1969 ikapitishwa sheria ya kuyanyang'anya shule za msingi, afya na barabara, na tangu Januari 1970 kazi hizo zikawa za Nairobi, isipokuwa katika manispaa. Mabaraza yale yalikuwa yamelemewa na madeni, na raia waliyajua kwa kutoza tu. Yaliponyang'anywa kazi, ni watu wangapi waliotoka nje kuyatetea?

Hapa ndipo tunapowaonya ninyi wakubwa wa kaunti mnaojivunia kiti cha watu 19 katika 100. Serikali ambayo raia wake huiona katika risiti ya ushuru peke yake, na siku ya kura hawaendi, haina walinzi. Nairobi ikitaka kuipunguza, nani atasimama mlangoni? Tuliosoma shule za misheni twamkumbuka mfalme Rehoboamu. Alirithi kiti halali cha baba yake, watu wakaja kumwomba awapunguzie mzigo. Wazee wakamshauri akubali. Yeye akasikiliza vijana wenzake, akaahidi kuwaongezea. Makabila kumi yakamwacha, na yule aliyemtuma kusimamia kazi za shokoa akapigwa mawe. Kiti kilikuwa halali mpaka siku ile. Uhalali haukuwashika watu.

Sisi twazitaka kaunti zidumu. Kabla ya mwaka wa 2013 kila jambo lilingoja faili kutoka Nairobi, na zahanati ya mtaani haikuwa na mtu wa karibu wa kuulizwa. Leo yuko wa kuulizwa. Ndiyo maana twamuuliza.

Basi haya ndiyo tunayoyaleta mbele ya matawi yote yayajadili na kuyapigia kura:

Kwanza, kila mwanachama na mkewe au mumewe, na watoto waliofika miaka 18, waandikishwe. Anayelipa ushuru katika mji fulani na kuishi humo, afikiri sana juu ya kuhamishia kura yake humo, kabla daftari halijafungwa kwa Uchaguzi Mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027. Kuhamisha ni haki, na ofisi ya Tume ya Uchaguzi iko katika kila eneo la ubunge.

Pili, kila tawi lichague watu wawili wa kuifuatia kaunti yake. Makadirio ya fedha ya kaunti hupelekwa Bungeni kwake kabla ya tarehe 30 Aprili, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Mswada wa Fedha, wenye orodha ya kila ushuru na ada, hufuata. Watu hawa wawili waisome orodha hiyo, watuletee mkutanoni kwa lugha nyepesi ni nini kimepandishwa, kwa nani, na ni nani aliyeachwa.

Tatu, tudai mikutano ya kusikiliza maoni ifanywe jioni au Jumapili baada ya ibada, mitaani tunakoishi. Mara nyingi tangazo huwekwa katika gazeti ambalo kibarua hanunui, na mkutano huitishwa saa nne asubuhi ya siku ya kazi, katika ukumbi wa mjini. Kisha huandikwa kwamba raia waliitwa wasije. Tena mswada uletwe kwa Kiswahili, ambacho Katiba imekiita lugha ya taifa na lugha rasmi. Mtu hawezi kutoa maoni juu ya karatasi asiyoweza kuisoma.

Nne, tudai daftari la thamani ya ardhi na majumba litazamwe upya na kodi hiyo ikusanywe kwa bidii ile ile inayotumika kwa kikapu cha mboga, kabla ya senti moja kuongezwa katika soko.

Tano, chama kizungumze na waajiri mapema juu ya zamu za siku ya kura. Gari lazima liende, lakini zamu zaweza kupangwa ili kila mtu apate saa zake za kufika kituoni, na asiwepo wa kusema kwamba reli ilimnyima kura.

Na kwa ninyi mlioko vitini, neno letu ni fupi. Msituambie tena kwamba mlichaguliwa. Twajua mlichaguliwa, na twajua kwa kura ngapi. Mkitaka shilingi yetu, njooni muiombe mchana kweupe, mseme ni ya kazi gani, na mwakani mturudishie hesabu. Tukiridhika tutalipa, na tutakuwa walinzi wenu mbele ya Nairobi. Msipokuja, tutawafuata mahakamani kama walivyofanya watu wa Kiambu, na tarehe 10 Agosti 2027 tutawafuata vituoni, safari hii tukiwa wengi.

Umoja ni nguvu.

Wafanya kazi wa reli, Mombasa